Siku Niliyowaambia Vijana wa Likizo Wajifanye Wana Kazi

Nianze kwa kukiri mwenyewe, kabla hajatokea mtu wa kuwasimulia kwa kuongeza chumvi (ingawa sidhani kama kuna pa kuongezea): yule mama aliyefunikwa na turubai mbele ya ofisi yake, pamoja na mgeni rasmi, huku kwaya ikiimba wimbo wa bibi harusi na watu wakidai viwanja, ni mimi. Wala sikusingiziwa. Viatu vilivyoonekana vikichungulia chini ya turubai kwenye ile picha iliyozunguka kwenye simu za watu ni vyangu, nilivinunua Pasaka, na tangu siku ile sijavivaa tena.

Mimi ni afisa utumishi wa shirika moja hapa Dodoma, silitaji jina kwa sababu bado linanilisha, linashughulika na visima vya vijijini. Kila mwaka vyuo vikifunga, wafadhili wetu huleta vijana wa programu ya kazi za likizo, wanakaa nasi wiki nane, wanajifunza kazi, wanaondoka na cheti. Jambo zuri kabisa. Mwaka ule nililetewa fomu ya kuomba vijana, imeandikwa "idadi na majukumu", nami siku hiyo nilikuwa na haraka ya kuwahi kikao, nikaona fomu ina mistari sita, nikaomba vijana sita, maana sikupenda kuacha mistari wazi. Kwenye majukumu nikajaza "kama watakavyopangiwa". Watapangiwa na nani? Na mimi. Nipange nini? Hilo sikujiuliza.

Wakafika Jumatatu moja ya Julai, upepo wa kipupwe unapeperusha vumbi mpaka meno yanasaga mchanga, wao wamepiga pasi kama wanakwenda kuoa. Kulikuwa na Yona, kijana mrefu kutoka Mwanza, anasoma sosholojia, kafunga tai nyekundu na ana sauti ya mtangazaji wa mpira. Kulikuwa na Halima, binti wa Kondoa, anasoma hesabu, mpole, ana kijidaftari ambamo anaandika kila neno unalomwambia (mtu wa namna hiyo ni hatari sana ukiwa huna mpango). Na wenzao wanne. Wakasema kwa pamoja, "Shikamoo mama!" Nikaitikia marahaba, nikawatazama, wakanitazama, na hapo ndipo nilipogundua kwamba sina kazi hata moja ya kuwapa.

Siku ya kwanza niliwaambia wasome sera ya shirika. Saa nne asubuhi walikuwa wamemaliza, na Yona alikuwa na maswali. Siku ya pili nikawapeleka masijala wasaidie kupanga mafaili, lakini mtunza masijala wetu, baba mmoja mkali aliyelishika lile shubaka la barua kama kanisa lake, akawafukuza akisema mafaili yake hayachezewi na watoto. Nikawatuma chapati. Nikawatuma mihogo ya kukaanga. Wiki ya pili, na hapa naomba msicheke, niliwaambia wazunguke jengo wahesabu madirisha, nikaliita zoezi hilo "tathmini ya awali ya miundombinu". Wakaniletea jibu: hamsini na nane. Wiki ya tatu nikawaambia wahesabu tena, eti uhakiki. Halima akafungua kijidaftari, akaniuliza kwa adabu zote, "Mama, kuna dirisha tunalolitilia shaka?"

Nilimwambia aende akanywe chai.

Mngedhani nilikuwa naona aibu. Hapana, mwanzoni nilikuwa naona kero. Niliona kama wamekuja kunivizia, kila nikipita koridoni jozi sita za macho zinanifuata kama mbuzi wanaosubiri chumvi. Mpaka nikaanza kupitia mlango wa nyuma. Na ripoti ya kila wiki ilibidi iende kwa wafadhili, basi nikawa naandika, kwa ufundi wangu wa miaka kumi na tano wa kuandika ripoti, kwamba vijana "wanahudumia wananchi moja kwa moja". Sentensi tamu. Haina mguu wala kichwa, lakini tamu.

Jumanne ya wiki ya nne Mkurugenzi akaniita. Anacheka mpaka jino la mwisho linaonekana.

"Mama Doreen," akasema, "Alhamisi tunaletewa wageni. Wafadhili wanazunguka wanaangalia ni kitu gani hasa kinafanya hizi programu za vijana zifanikiwe, kwa nini kwingine vijana wanapotea tu na kwingine wanaiva. Wametuchagua sisi kama mfano."

"Mfano wa nini, bosi?"

"Wa kufanikiwa! Wamesoma ripoti zako. Wanataka kuwaona vijana wakihudumia wananchi moja kwa moja."

Jamani, hapo nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Ningesema, bosi, vijana wamehesabu madirisha. Angenifokea dakika tano, tungetafuta la kufanya, yangeisha. Badala yake mdomo wangu ukasema, "Hamna shida, bosi." Maneno matatu tu hayo, na yote yaliyofuata yalitoka humo.

Nikawaita vijana. Nikawaambia: Alhamisi tunaweka turubai mbele ya jengo, tunaweka meza, viti na spika, nanyi mtakaa pale muonekane mnahudumia wananchi. Halima akaandika "muonekane", akapiga mstari chini yake, akauliza, "Tukiulizwa tunawahudumia nini, mama?" Nikasema, "Wasikilizeni shida zao za visima, waandikeni, muwagongee muhuri." Yona akaruka juu kwa furaha, akasema kumbe hatimaye tumepata kazi, na moyo ukanichoma kidogo, lakini nikaupuuza.

Muhuri wenyewe sasa. Mihuri ya ofisi anayo katibu muhtasi, naye alikuwa likizo kwao Songea na funguo za kabati anazo. Nikakumbuka kwamba mdogo wangu, anayefundisha chekechea kule Kikuyu, alisahau mkoba wake nyumbani kwangu Miyuji, na mle mna muhuri. Sikuusoma. Naapa sikuusoma. Niliona ni wa mviringo, una maandishi pembeni na kitu kama nembo katikati, nikasema wageni hawatainama kusoma wino.

Wananchi nao wa kuhudumiwa nikawatafuta. Nikampigia shoga yangu Mama Glori, mwenyekiti wa kwaya yetu ya parokiani, nikamwomba aje na watu wanne watano wakae kwenye foleni kama wananchi wenye shida za maji. Akasema, "Shoga, umesitirika."

Alhamisi saa tatu asubuhi nasikia vigelegele getini. Mama Glori huyo, na kwaya nzima nyuma yake, watu kumi na tisa, wote wamevaa sare ya kitenge cha zambarau na vilemba vya aina moja, mpaka wanaume wana vizibao vya zambarau.

"Mama Glori, nini hii?"

"Shoga, saa saba tuna harusi, hatuwezi kurudi kubadilisha. Nikaona nije na wote wakusindikize."

Kwa hiyo wananchi wangu wa kawaida, kutoka vijiji mbalimbali vya nyanda za kati, walikuwa watu kumi na tisa waliovaa nguo moja. Nikawapanga foleni. Nikawaomba watawanyike kidogo. Wakatawanyika, halafu mmoja akaanza kufanya mazoezi ya sauti ya pili, wakarudi wote pamoja.

Sasa ninyi mnaoishi Dodoma mnajua jambo moja kuhusu foleni hapa mjini. Mtu akiona foleni hapiti. Anajiunga kwanza, kuuliza atauliza akiwa ndani. Kijana mmoja wa bodaboda akasimama getini akamuuliza mlinzi wetu, Mzee Lameck, "Mzee, hapa wanatoa nini?" Mzee Lameck ni mtu ambaye hawezi kusema sijui, ni maumbile yake, na jambo pekee analolijua kuhusu shirika letu ni maneno yaliyoandikwa kwenye kibao, "maji ya ardhini". Akajibu kwa sauti ya kujiamini: "Mambo ya ardhi."

Basi. Mambo ya ardhi, Dodoma hii, ambapo kila mtu toka serikali ihamie anaota kiwanja! Yule kijana hakujibu hata asante. Alipaki pikipiki, akapiga simu tatu, na ndani ya nusu saa nilichungulia dirishani nikaona foleni imetoka getini, imepinda kona, imefika kwa muuza karanga, na muuza karanga mwenyewe yumo ndani yake na sinia kichwani. Walikuwemo wanafunzi, walikuwemo watumishi wenye vitambulisho shingoni waliotoroka ofisini, alikuwemo padri mmoja aliyejifanya anapita tu. Na katikati ya foleni, kajishika mikono nyuma kama mtu anayepunga upepo, nikamwona mtunza masijala wetu. Kaacha mlango wa masijala wazi, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe.

Nikakimbilia kwa vijana nikidhani watakuwa wamechanganyikiwa. Wala! Yona kachana karatasi vipande, anagawa namba, anatangaza, "Wenye watoto wadogo na wazee wapite mbele, wengine tuheshimiane jamani!" Wale wanne wamegawana meza, mmoja anaandika jina, mmoja kijiji, wawili shida. Wanaodai viwanja wanaelezwa kwa upole kwamba hapa ni visima tu na wapi ofisi za ardhi zilipo, wanakataa kuamini, wanasema andika tu jina langu, nao wanaandika. Halima yuko meza ya mwisho na muhuri, pwa! pwa! pwa! Wana nyuso ambazo sikuwahi kuziona wiki zote nne. Nilitaka kufurahi. Halafu nikaokota karatasi moja iliyogongwa muhuri, nikausoma kwa mara ya kwanza.

Katikati lilikuwa jua linalocheka. Pembeni kuzunguka: HONGERA MTOTO MZURI.

Kabla sijaingiza pumzi, gari la wageni likapiga honi getini.

Mgeni rasmi alikuwa Bi Mwanaidi, mama mdogo wa umbo, kavaa ushungi wa kijivu, anaongea kwa sauti ya chini kiasi kwamba lazima uiname. Alishuka, akautazama umati, akamtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi naye alikuwa hajawahi kuona watu hata watano mbele ya ofisi yetu, lakini akapanua kifua na kusema, "Kama unavyoona, mwitikio ni mkubwa." Kisha akanivuta pembeni, akaninong'oneza sikioni, "Mama Doreen, nasikia kuna viwanja. Ni kweli? Niandikie na mimi kimoja, cha kona."

Nikatamani ardhi inayogombewa inimeze.

Bi Mwanaidi akaenda moja kwa moja kwenye meza ya Halima, hakutaka maji wala kiti. Mbele ya Halima alikuwa amesimama bibi mmoja mwembamba, kajitanda kaniki na kashika mfuko wa nailoni. Huyo sasa hakuja kwa ajili ya kiwanja, wala hakuwa wa kwaya. Jina lake Bibi Nyemo, ametoka Kibakwe, kapanda gari alfajiri na kupokelewa na foleni. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji chao.

"Shikamoo bibi," Bi Mwanaidi akamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Mbukwenyi nyote," akatuamkia sote kwa Kigogo.

"Umekuja na shida gani?"

"Pampu," akasema Bibi Nyemo. Kiswahili chake alikikanyaga polepole, neno moja moja. "Pampu yetu imekufa. Hii barua ya nne naleta. Zile tatu nilimpa mtu wa hapa, akaniambia nenda utajibiwa. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu ananiambia kaa. Huyu binti kanikalisha, kasoma barua yote, kanigongea na muhuri." Akampa Bi Mwanaidi ile karatasi. "Mimi sijui kusoma vizuri. Hebu nisomee, wamenijibu nini?"

Bi Mwanaidi akaisogeza karibu na macho. Akaisogeza mbali. Akasoma kwa ile sauti yake ya chini, "Hongera, mtoto mzuri."

Bibi Nyemo akafikiri.

"Nashukuru," akasema. "Na pampu?"

Hapo Halima hakuwepo tena mezani. Alikuwa amesikia "barua tatu", akanyanyuka bila kuaga mtu, akaingia ndani ya jengo. Mimi nilimwona akienda lakini sikuwa na nafasi ya kumfikiria, maana Mkurugenzi, alipoona mambo yanaharibika, alifanya kile anachokifanya siku zote mambo yakiharibika: alichukua kipaza sauti, akatangaza kwamba sasa afisa wetu mahiri, Mama Doreen, atatueleza siri ya mafanikio ya programu yetu, akakisukuma mkononi mwangu.

Nikasafisha koo. Nikasema, "Ndugu wananchi…" na sikuwa na la pili. Nikageuka nikamwona Mama Glori pembeni yangu, nikamnong'oneza, "Waondoe watu wako, mchezo umeisha." Nilinong'ona vizuri tu. Tatizo, kipaza sauti kilikuwa mdomoni.

"MCHEZO UMEISHA," spika mbili kubwa zikasema, mpaka kwa muuza karanga.

Nyuma ya foleni wakasikia "vimeisha". Mtu akapiga kelele, "Viwanja vimeisha! Wamejigawia wenyewe!" Watu wakaanza kusukumana kuja mbele. Nikapunga mikono yote miwili hewani kuwazuia, na hapo Mama Glori, ambaye kwa miaka yote tuliyoimba naye anajua kwamba mtu akipunga mikono miwili hewani ni ishara ya kuanza, akawageukia wenzake, na kwaya ya watu kumi na tisa ikaanza kwa sauti nne wimbo walioufanyia mazoezi kwa ajili ya saa saba, wa bibi harusi njoo mbele usiogope, mpendwa wako anakungoja. Watu walisikia "njoo mbele". Wakaja. Meza ikapinduka, Yona akawa anapaza sauti, "Namba thelathini na tano tu! Namba thelathini na tano tu!" Padri akapita mbio na namba yake mkononi. Mtu akakumbatia nguzo ya turubai asianguke, na nguzo ikamkubalia, na turubai lote, zito, la bluu, lenye vumbi la misimu mitatu, likatushukia.

Chini ya turubai kulikuwa na giza la bluu na joto. Nilikuwa nimepiga magoti. Nikasikia mtu anakohoa karibu yangu, nikapapasa, nikashika ushungi. Ni Bi Mwanaidi, naye kapiga magoti, tunatazamana kama watu wawili waliopotea pangoni, na nje kwaya iko ubeti wa pili.

"Mama," akaniambia kwa utulivu, kana kwamba tuko mezani kwake, "hapa hatusikiwi na mtu. Hawa vijana, kabla ya leo, walikuwa wanafanya kazi gani?"

Mungu wangu. Nilikuwa na sentensi kumi tayari. Tathmini ya awali. Ujengaji wa uwezo. Nikafungua mdomo na vumbi likaingia, nikapiga chafya, na baada ya chafya kilichotoka ni ukweli.

"Walikuwa wanahesabu madirisha."

"Yako mangapi?"

"Hamsini na nane."

"Una uhakika?"

"Walihesabu mara mbili."

Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, nikaanza kumwomba radhi kwa majina yote ya watakatifu (yeye Mwislamu, mimi sikujali, niliwaita wote). Kumbe anacheka. Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya ushungi. Halafu akaacha, ghafla, na uso wake ukawa mkavu.

"Nimezunguka sehemu nyingi," akasema. "Karibu kila mahali kuna madirisha. Unajua kijana akihesabu madirisha wiki nne anajifunza nini? Anajifunza kwamba kazi ni uongo, na ofisi ni mahali watu wanapojificha. Anakwenda nacho hicho maisha yake yote. Cheti chenu hakikifuti."

Nilikuwa namfikiria binti yangu Doreen, yuko kidato cha sita, mwakani naye atapelekwa mahali, akae mbele ya mama wa watu kama mimi. Niwaambie ukweli, hapo ndipo aibu yenyewe iliponifikia. Watu kunicheka nimezoea.

Ukingo wa turubai ukainuliwa, mwanga ukaingia, na uso wa Halima ukachungulia. Kapata vumbi mpaka kope. Mkononi ana bahasha tatu.

"Samahani mama," akasema, "nimezipata. Zilikuwa nyuma ya shubaka, kwenye boksi. Hazijafunguliwa. Ya kwanza ni ya mwaka juzi." Akasita. "Ziko nyingine nyingi humo. Sikuzihesabu, nikaona nikuulize kwanza kama nizihesabu au nizisome."

Bi Mwanaidi akanitazama. Nikasema, "Zisome, mwanangu. Zote."

Basi tulivyotoka chini ya lile turubai, nywele zangu zimesimama na kiatu kimoja hakipo mguuni, umati ulikuwa umeanza kutawanyika, maana mwenye pikipiki mmoja alishatangaza kwamba viwanja vimehamishiwa mtaa mwingine. Kwaya walikuwa wamemaliza na wanasubiri makofi. Mkurugenzi alipoziona zile bahasha alikaa kwenye kiti kilichovunjika mguu na hakuona kwamba kimevunjika. Bibi Nyemo peke yake ndiye alikuwa palepale nilipomwacha, mfuko wake mkononi, hajasogea hata hatua.

"Sasa," akauliza, "pampu?"

Bi Mwanaidi hakutufukuza. Heri angetufukuza, ningepumzika nyumbani. Alitupa wiki nne zilizobaki, kwa masharti yake: kila kijana awe na kazi ambayo isipofanyika kuna mtu ataumia, na kila mmoja awe na mkubwa mmoja, mwenye jina, wa kumfundisha na kumuuliza kila jioni amefikia wapi. Mkubwa wa Halima na Yona akaniweka mimi. Nikamwambia sijui chochote kuhusu pampu. Akasema, "Basi mtajifunza pamoja, ndiyo mafunzo mazuri."

Wale wanne wakawekwa masijala, na boksi lile, kila barua ijibiwe. Mtunza masijala akawekwa nao awafundishe, na aminini msiamini, baada ya kununa siku mbili yule baba alianza kuja na kahawa kwenye chupa na kuwamiminia. Nadhani hakuwahi kuulizwa kitu kuhusu kazi yake na mtu aliyetaka kweli kujua.

Sisi watatu, mimi na Yona na Halima, Jumatatu iliyofuata tukapanda nyuma ya pikapu pamoja na fundi na mabomba yake, mpaka Kibakwe, juu kule milimani ambako baridi inakuuma masikio. Fundi akawafanya vijana wafungue pampu wenyewe, nati moja moja. Yona tai ikaingia kwenye grisi, akaivua akaitumia kushikia spana. Halima akapima bomba kwa kamba, akaandika, akapiga hesabu, akamwambia fundi bomba la tatu limetoboka maana maji yanaishia pale, fundi akabisha, wakalitoa, likawa limetoboka. Na mimi nikapewa kushika ngazi. Nikaishika saa tatu, watoto wa kijiji wamenizunguka wananitazama kama sinema.

Maji yalipotoka hayakutoka kwa shangwe kama mnavyofikiri. Yalitoka machafu kwanza, ya rangi ya kutu, yakakohoa, yakakatika, yakarudi. Bibi Nyemo akaweka mkono chini yake, akaonja, akatema. Akangoja. Akaonja tena, akameza. Akamwita Yona na Halima akawashika vichwa mmoja mmoja, akasema nao kwa Kigogo maneno ambayo sikuyaelewa na sikuomba kutafsiriwa. Mimi alinipa tu ndoo, nibebe.

Nimeulizwa mara nyingi tangu hapo, hata kwenye vikao vya watu wakubwa wenye miwani, eti Mama Doreen, wewe uliyepitia, ni nini siri ya kuwapokea vijana wa likizo? Wananitazama kama nina kitabu. Sina. Nina jambo moja tu, nalo limeninyoa nywele zote za kiburi: usimwambie kijana ajifanye ana kazi, kwa sababu ataifanya kweli, na utakayeumbuka ni wewe.

Mwaka huu fomu ililetwa tena. Mistari sita. Nilikaa nayo siku tatu, nikapita chumba kwa chumba kuuliza nani ana kazi na nani yuko tayari kumfundisha mtu, kisha nikajaza mistari miwili, nikairudisha.

Mkurugenzi akanipigia simu. "Mama Doreen, mbona umeacha nafasi nne wazi?"

Nikamwambia, "Ndiyo, bosi. Ziko wazi."